Karavani la Octave na Kitanda cha Mama Mkwe

Watu wa mtaa wetu wa Bertrams wakikuambia kwamba mimi ndiye niliyemharibia Octave karavani lake, waulize kwanza kama wao waliwahi kusimama nje saa moja asubuhi, mwezi wa sita, kwenye baridi ya Johannesburg, wakipokea skrubu kwa mtu na kumpa mkwewe. Mimi nilisimama. Nilisimama msimu mzima wa baridi wa mwaka 2018, na magoti yangu hayajanisamehe hadi leo.

Jina langu ni Mwanaharusi, mzaliwa wa Tanga, ila hapa mtaani naitwa Mama Nomsa, kwa jina la binti yangu. Niliolewa Morogoro na kijana wa Soweto aliyekuwa mpigania uhuru, tukaja kwao mwaka tisini na tatu. Alipofariki aliniachia nyumba hii yenye uwanja mkubwa nyuma na vyumba viwili vya kupangisha. Humo ndimo anamoishi Octave, fundi cherehani kutoka Uvira, na mkewe Denise, ambaye ni msusi, pamoja na watoto wao watatu.

Octave ni mtu wa vipimo. Utepe haumtoki shingoni hata akienda kanisani. Ukimsalimia, anakujibu huku macho yake yakipita mabegani mwako, na ukishaondoka anajua mgongo wako unataka kitambaa kiasi gani. Kazi alifundishwa na baba yake mdogo kwenye kibaraza kule Uvira. Alipofika huku mwaka 2003 alilinda mageti ya watu kwa miaka minne kabla hajapata cherehani yake mwenyewe, na sasa ana kibanda karibu na uwanja wa Ellis Park ambako anashonea kwaya tatu. Koti havui. Nimemwona amelala chini ya karavani na koti, nimemwona amepanda juu ya paa na koti, na siku moja alikuwa na tai pia. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba wateja wanapita barabarani na wanamwona.

Karavani lenyewe, kile kijumba cha kukokotwa nyuma ya gari, lilikuja mwezi wa nne. Lilitengenezwa mwaka 1974 na tangu hapo, kwa maoni yangu, hakuna aliyelipiga hata ufagio. Mzee mmoja Mzungu wa Kiafrikana kule Boksburg alitaka limwondokee uani kwake. Octave akamshonea mapazia ya nyumba nzima, mzee akampa karavani, na ukiniuliza mimi, mzee ndiye aliyefaidi. Paa lilivuja. Sakafu ilikuwa imeoza mpaka ukikanyaga unasikia inapumua. Matairi yalikuwa yamepasukapasuka yote, kwa hiyo tuliyatoa tukaliweka juu ya matofali.

"Baba Sagesse," nikamwambia, kwa kuwa binti yao wa kwanza ni Sagesse, "hili ni la kuchomea mahindi."

"Hapana, Mama Nomsa. Iko na mlango."

Sikumwelewa, ndipo akanieleza, na kwa mara ya kwanza aliacha kunipima kwa macho. Yeye na Denise walioana Uvira mwaka 1998, vita imepamba moto. Usiku wa harusi walilala chumba kimoja na watu kumi na mmoja waliokimbia makwao. Baadaye wakakaa kwa mama yake. Baadaye wakaja Johannesburg, kwenye fleti ya Hillbrow ambayo kila familia ilikuwa na kona yake na shuka yake ya kuitenga. Halafu vyumba vyangu hivi viwili, vyenye pazia katikati, na watoto upande wa pili wanaosikia kila kitu. Miaka ishirini ya ndoa, na hawajawahi kulala hata usiku mmoja mahali penye wao wawili tu. Denise alikuwa ameona theluji kwenye televisheni akasema angetaka kuishika. Octave akamwahidi kwamba kabla baridi haijaisha watakwenda milima ya Maluti, kule mpakani mwa Lesotho kunakoanguka theluji, siku tatu, karavani likiwa nyuma ya gari, na wakifika watafunga mlango.

Nilimruhusu aliegeshe bure. Mimi si mtu wa kutoa vitu bure.

Alianza na paa, akaziba matundu yote kwa uvumilivu wa mtu anayetia vifungo. Akaweka godoro kwenye kitanda cha ndani ili kujipa moyo. Na katikati ya mwezi wa tano, Bibi Agnès akashuka kwenye basi.

Bibi Agnès ni mama yake Denise. Alisafiri siku sita kupitia Lubumbashi na Zambia, akiwa na dagaa kilo nyingi na bila sweta hata moja. Umri wake miaka sitini na minane, mwembamba, mkaidi, na sauti yake inafika barabarani. Nilimpenda hapo hapo. Tatizo lilikuwa atalala wapi.

Kwetu Tanga mkwe anaheshimiwa, lakini mnakunywa naye chai. Kwao Octave ni habari nyingine. Mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hasemi naye moja kwa moja. Hali chakula mbele yake. Na pale alipolala mama mkwe, yeye hakanyagi. Sasa weka mila hiyo ndani ya vyumba viwili vyenye pazia katikati. Usiku wa kwanza Octave alikwenda kulala kibandani kwake, chini ya meza ya kukatia, akarudi asubuhi na vipande vya uzi kichwani.

Nikampa Bibi Agnès sofa la sebuleni kwangu. Akaitazama picha ya marehemu mume wangu ukutani, akasema hawezi kulala mbele ya mwanamume asiyemjua.

Hapo ndipo niliposema yale maneno. Nilisema kwa nia njema, nilikuwa nimechoka, na nilitaka kuangalia tamthilia yangu. Nilisema, "Si alale kwenye karavani?"

Alilala vizuri sana. Asubuhi Octave akaja na nyundo yake, akapandisha mguu kwenye kidaraja cha mlango, akaona kilemba cha mama mkwe juu ya godoro. Aliruka kinyumenyume kama aliyekanyaga pasi ya moto, akaangukia ndoo ya maji iliyokuwa imeganda barafu usiku ule. Barafu haikuvunjika. Koti lilichanika.

"Basi tumhamishe," nikasema.

"Alishalala mule."

"Usiku mmoja tu!"

"Mama Nomsa, hata kama ni dakika tano. Ile kitanda sasa ni ya mama."

Nikauliza kama hakuna dawa. Ipo, akasema. Mkwe anatoa mbuzi na blanketi mbele ya kaka zake mama, wanakula, mambo yanafunguka. Lakini hao kaka wako Uvira, wawili hawaongei, na mmoja hali mbuzi.

Jumapili, baada ya ibada, akaja Mzee Barnabas, ambaye watu wa kwao huku wanampelekea mashauri. Alilizunguka karavani mara tatu, mikono nyuma. Swali, alisema, ni moja: hiki kitu ni nyumba au ni gari? Kwa sababu ndani ya gari mkwe na mama mkwe wanaweza kupanda wote, hakuna ubaya, hata basi la Zambia wanapanda. Lakini nyumba ni nyumba. Alipiga teke tofali. Akachungulia chini. Akaomba chai. Mwisho akatoa hukumu.

"Ikiwa juu ya matofali, ni nyumba. Ikiwa juu ya magurudumu, ni gari. Siku ile itapata magurudumu, mukwe ataingia. Lakini kitanda kinabaki kitanda."

Wote tukakubali kwamba ni hukumu ya haki. Kisha Octave akaeleza, huku akiwa amekaa chini, kwamba magurudumu hayawezi kufungwa kabla sakafu haijatengenezwa, kwa sababu karavani lenye sakafu iliyooza ukilivuta linaachia katikati. Na sakafu inatengenezwa kutoka ndani. Na ndani yeye haingii. Denise anasuka nywele za watu kuanzia asubuhi hadi jioni. Mimi nina magoti.

Dirisha la karavani likafunguka. Bibi Agnès akatoa mkono.

"Nipeni nyundo," akasema.

Ndivyo lilivyotengenezwa lile karavani. Nje kila kitu kilifanywa na Octave, akiwa amegeuza mgongo kila dirisha linapofunguka. Ndani kila kitu kilifanywa na bibi wa miaka sitini na minane ambaye hajawahi kushika drili. Na katikati, mlangoni, nikiwa na blanketi mbili na kofia ya marehemu, nilisimama mimi, kwa sababu hawa wawili hawaruhusiwi kusemezana.

"Mama Nomsa, mwambie mama atoe ile mbao ya kwanza, polepole," Octave anasema, hatua mbili kutoka dirishani.

"Mama Nomsa, mwambie mukwe nimeshatoa tatu," anajibu Bibi Agnès, kwa sauti inayosikika mpaka kwenye robot, zile taa za magari za barabara kuu.

"Baba Sagesse, ametoa tatu."

"Eish! Mwambie asitoe ya nne!"

"Bibi, usitoe ya nne."

Siku moja niliudhika nikanyamaza makusudi, nione watafanya nini. Wakanyamaza wote wawili. Drili ikanyamaza. Tukakaa hivyo, watu wazima watatu uani, moshi ukitutoka mdomoni kwa baridi, mpaka nikaona aibu nikasema, "Bibi, anasema uikaze hiyo skrubu." Wala hakuna aliyekuwa amesema hivyo, lakini aliikaza.

Baridi ya hapa haina theluji, ina chuki tu. Bomba la uani liliganda asubuhi mara tisa. Gundi ya mbao ilikataa kukauka. Bibi Agnès akawa analala na makopo ya gundi ndani ya blanketi ili yapate joto, na asubuhi Sagesse alipompelekea uji alikuta bibi yake anayabembeleza. "Eish, Koko," mtoto akasema, akarudi ndani kuwaambia wenzake kwa Kizulu.

Balaa kubwa lilikuwa vipimo. Octave alihitaji vipimo vya kitanda na vya viti ili ashone mito na kukata mbao za kabati. Akapitisha utepe wake dirishani, ule ule wa shingoni, na nilijua imemuuma. Bibi Agnès akaurudisha. Namba zenyewe ndogo, akasema, na miwani yake iko Uvira. Yeye anapima kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, kama alivyopima vitambaa sokoni maisha yake yote.

"Mwambie mukwe kitanda ni mikono minne na shubiri moja."

Octave akafunga macho. "Mkono ya nani?"

"Wangu!"

Sasa fundi angepimaje mkono wa mama mkwe? Hawezi hata kuutazama. Mkono wa Denise haukufaa, kwa kuwa Denise amerithi mikono ya baba yake. Octave akaanza kuutazama wangu. Nikamkatalia, akanitazama tena, nikampa. Mimi ni mwanamke mrefu, mama yangu alikuwa mrefu, na sikuficha. Akapima mkono wangu mara nne na shubiri, akakata, akashona godoro jipya zuri sana lenye mshono wa duara pembeni, tukalisukumia ndani kupitia mlangoni. Likasimama wima katikati ya karavani kama mgeni aliyekosa kiti. Bibi Agnès alikwama nyuma yake kwa dakika ishirini, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika barabarani.

Ni yeye mwenyewe aliyepata njia. Alichukua karatasi ya kaki, ile ya Octave ya kukatia ruwaza, akaweka mkono wake juu, akauchora kwa kalamu kuanzia kiwikoni, akaipitisha dirishani. Octave alisimama mbali na ile karatasi kama vile ingemuuma. Akampigia simu Mzee Barnabas. Tukasikia mzee anakoroga chai.

"Karatasi ni karatasi," akasema.

Tangu siku ile hakukosea hata nusu sentimita. Alishona mapazia yenye mikunjo midogo midogo. Alishona mito ya viti, akaizungushia kitenge cha njano. Alikata milango ya kabati kwa ruwaza za karatasi kama mtu anayekata suti, akiacha nafasi ya mshono, na nikalazimika kumkumbusha kwamba mbao haina mshono. Vyote vilipita dirishani na kupotea ndani. Jioni aliniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Nomsa, ile njano inakaaje ndani? Inapendeza?" Alikuwa anatengeneza chumba asichokijua. Nilimwambia inapendeza. Ilikuwa inapendeza kweli, na nilimwonea huruma mpaka nikampelekea maandazi.

Katikati ya mwezi wa nane magurudumu yakafungwa. Tukatoa matofali. Mzee Barnabas akaja kushuhudia kwamba sasa ni gari. Denise akafunika kitanda kwa shuka kubwa kisionekane, Bibi Agnès akaenda kukaa jikoni kwangu, na Octave akavua viatu, akaingia. Alikaa humo kama robo saa. Alipitisha kidole kwenye kila kona, akafungua kila kabati, akifanya kama anavyofanya mteja msumbufu anapotafuta kosa. Alipotoka alivaa viatu kwanza. Aliniomba nimwambie mama kwamba kazi ni safi. Nilikwenda jikoni kumwambia. Alikuwa ameshasikia, na alikuwa anafuta macho kwa kitambaa changu cha sahani.

"Basi tunaenda lini?" Denise akauliza uani.

Octave akatazama chini. "Tutaenda. Lakini ile kitanda..."

"Ile kitanda nini?"

"Siwezi kulala mule na wewe, Denise. Mama alilala mule miezi mitatu."

Denise ni mwanamke mpole. Miaka sita chini ya paa langu sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Siku ile alipandisha.

"Miaka makumi mbili, Octave! Nimelala nyuma ya shuka, nimelala nyuma ya pazia, nimelala na watoto ya batu miguuni. Nilikuomba nini? Nilikuomba nyumba? Nilikuomba mlango. Mlango moja tu!" Akakaa kwenye kidaraja cha karavani akalia, mikono yake yenye mafuta ya nywele ikiwa usoni. Octave alisimama na utepe wake shingoni bila kujua auweke wapi. Mimi pia nililia, na nikawachukia mbuzi wote wa Uvira.

Bibi Agnès akatokea mlangoni kwangu. "Mimi nitalala kwa Mama Nomsa. Nitaizoea ile picha. Waende."

"Mwambieni mama asante," Octave akauambia ukuta, "lakini kitanda kinabaki yake."

"Kama ni yangu, haiendi mahali bila mimi," akasema Bibi Agnès. "Na Mama Nomsa anakuja, mimi sitalala peke yangu mlimani."

Ndivyo shauri lilivyokatwa. Wanawake watatu karavanini, Octave peke yake ndani ya bakkie, ile pikapu ya kulivuta. Theluji Denise angeiona. Kile alichokitaka hasa asingekipata, na sote tulijua, na kwa hiyo tulifungasha mizigo kwa kelele nyingi.

Tuliazima bakkie ya mume wa Nomsa, ile ya milango minne, na watoto tukawaacha kwa Nomsa. Octave akaendesha, Denise mbele, sisi wazee nyuma. Kioo cha katikati alikigeuzia juu kabisa ili asimwone mama mkwe usoni, kwa hiyo kuanzia Bertrams mpaka jimbo la Free State aliendesha kwa kuuliza.

"Denise, nyuma kuko nini?"

"Kuko mama."

"Nyuma ya mama?"

"Karavani."

"Bien."

Tulifika alasiri. Milima yote ilikuwa nyeupe, na chini, kwenye uwanja wa kuegesha, theluji ilifika kwenye vifundo vya miguu. Bibi Agnès aliionja, akasema inataka chumvi. Denise aliokota kidogo kwa mikono miwili akaishika hivyo hivyo mpaka ikamwishia vidoleni, akicheka, kisha akaacha kucheka akamtazama mumewe, ambaye alikuwa upande wa pili anafunga breki akiwa na koti.

Tulikula dagaa na ugali. Octave akala ndani ya bakkie, kwa heshima. Tulipotaka kulala, Denise akapanda kitandani katikati yetu. Bibi Agnès akajigeuza. Akajigeuza tena.

"Denise, unanibana."

"Mama, nisogee wapi?"

"Kitanda hiki ni ya watu wawili. Mimi ndiye nilikipima. Toka."

"Nje kuko theluji, Mama!"

"Kuko gari pale," akasema Bibi Agnès, akavuta blanketi na kuanza kukoroma saa ile ile, mkoromo wa uongo kabisa, mtu yeyote angejua. Denise alikaa kidogo gizani. Kisha akachukua blanketi lake, akatoka, na tukasikia mlango wa bakkie unafunguliwa, halafu unafungwa.

Asubuhi niliamka nimebanwa na mkojo. Theluji mpya ilikuwa imeshuka, na vioo vya bakkie vilikuwa vimefunikwa vyote kwa ukungu, huoni ndani. Choo kilikuwa ng'ambo, na ili ukifikie lazima upite ubavuni mwa bakkie. Nikashika kitasa cha karavani. Ndipo nikasikia Octave anacheka. Kwa miaka sita nimemsikia Octave akikohoa, akiomba, akihesabu sentimita. Kucheka sikuwa nimemsikia. Na Denise alikuwa anamsimulia kitu kirefu, bila haraka, kwa sauti ya kawaida ya mtu ambaye hakuna anayemsikiliza.

Bibi Agnès alikuwa amekaa kitandani, kilemba upande, naye amebanwa, ilionekana usoni. Aliutazama mlango, akanitazama mimi.

"Unaweza kuvumilia?" akaninong'oneza.

Nikamwambia naweza. Nilikuwa namdanganya. Nikaacha kitasa, nikarudi kukaa kando yake, tukashikana mikono, tukabana miguu, na mpaka saa nne hakuna aliyefungua mlango ule.